Hiyo "kwa hiyo" yenu haiivishi maharage

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mpishi wa mlimani. Nilianza Kilimanjaro nikiwa mpagazi, au mgumu kama tunavyojiita wenyewe, kisha nikapika miaka 24, zaidi njia ya Machame, mpaka magoti yaliponikatalia. Wenzangu waliniita injinia wa tumbo. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue naongea nikiwa nimekaa wapi: sina shahada, nina sufuria.

Jumapili iliyopita ukurasa wenu wa sayansi uliandika habari ya sayari inayozunguka nyota ya mbali. Mwandishi alisema iko "umbali sahihi" kutoka kwenye jua lake, "kwa hiyo ina mazingira yanayofaa uhai". Gazeti lilifika kinyozini kwetu saa 4 asubuhi. Kufika saa 6 watu walishatoka kwenye nyota wakaingia kwenye viwanja: nani atapimiwa wa kwanza, na kama kuna bonde la kupanda migomba. Seremala wetu akasema Mchagga atakuwa ameshafungua duka kabla wanaanga hawajashuka kwenye chombo. Tulicheka sana. Lakini ile "kwa hiyo" ilinifuata mpaka nyumbani, kwa sababu mimi imewahi kuniaibisha, mbele ya wageni 7, kwa ajili ya kilo 2 za maharage.

Maharage nitayafikia. Kwanza jua lenyewe.

Geti la Machame liko kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Anayepanda analisogelea jua kwa kilometa 4. Najua kilometa 4 si chochote mbele ya kilometa milioni 150 zilizobaki. Nilipiga hesabu nikaona ni kama mtu wa Moshi anayetaka kuwa karibu na Dar es Salaam akasogeza kiti chake sentimeta moja na nusu. Hata hivyo, ingekuwa ukaribu ndio joto, huko kusogea kusingetupeleka kwenye baridi. Nasi tunakwenda kwenye baridi kila safari. Getini umevaa fulana, jasho linatiririka, mbega wanakuchungulia juu ya miti. Siku chache baadaye, kambi ya Barafu, unajaza chupa saa 5 usiku kwa safari ya kileleni, na kabla hujafika Stella Point, ukingoni mwa kreta, imeganda mdomoni. Wazoefu huibeba kichwa chini ili barafu ianzie kitakoni.

Na huko huko kwenye baridi ndiko jua linakounguza zaidi. Nimemwona mgeni pale kambi ya Shira, mita zipatazo 3,800, saa 7 mchana, amevaa koti zito huku pua na masikio yamebabuka, ngozi inatoka kama ganda la kitunguu. Akiingia kivulini anatetemeka, akirudi juani anaungua. Mimi huwa nasema jua la juu lina hasira lakini halina joto.

Sababu yake niliielewa kwa kuchelewa. Mwanga wa jua hauipashi sana hewa unapopita. Unapiga ardhi, ardhi inapata moto, nayo ndiyo inayoipasha hewa kutoka chini kama kikaango kinavyopasha chapati. Joto hilo likishapatikana linataka kitu cha kulishika. Bondeni hewa ni nzito na ina mvuke mwingi, inashika. Juu hewa ni nyembamba, joto linapita kama maji kwenye chujio. Ukipanda mita 1,000 unapoteza nyuzi 6 hivi. Jua ni lilelile, siku ni ileile. Kilichopungua ni blanketi.

Sasa maharage. Ilikuwa safari yangu ya pili nikiwa mpishi, bado tunatumia majiko ya mafuta ya taa. Siku tuliyoondoka kambi ya Barranco, kijana aliyebeba trei za mayai aliteleza kwenye ule ukuta wa mawe, na mayai yote yakaishia hapo. Kati ya wageni 7, wawili walikuwa hawali nyama. Nikasema si taabu, nina maharage, niliyaloweka tangu jana. Tulipofika Barafu, mita zipatazo 4,670, nikayabandika saa 9 alasiri. Maji yalichemka upesi kuliko nyumbani, na mimi kwa ujinga wangu nikafurahi: yanachemka, kwa hiyo yataiva. Yakachemka saa 10, yakachemka saa 11. Saa 12 jioni nikauma moja, nikahisi kokoto. Saa 1 usiku kiongozi wa msafara aliingia kwenye hema la jikoni, akafunua sufuria, akaniuliza kama nimeokota changarawe za mlimani nikazitia chumvi. Nikaongeza moto. Povu likapanda, likamwagikia jiko, likalizima. Wageni wakala uji na biskuti, na usiku uleule walitakiwa kupanda.

Mmoja wao alikuwa mzee, mwalimu wa fizikia mstaafu kwao Sweden. Badala ya kulalamika alikuja jikoni na kipimajoto alichokuwa akipimia hali ya hewa na chai yake kila kambi na kuandika kwenye daftari. Akakitumbukiza kwenye sufuria yangu iliyokuwa ikitokota. Nakumbuka uso wangu ulivyokuwa umeinamia ule mvuke, nikisubiri kioo kisome 100, maana ndivyo tulivyofundishwa shule ya msingi. Kikafika 85, kikagoma. Nikaongeza moto tena mbele yake. Yakatokota kwa kelele zaidi, na kikabaki 85.

Akaniambia, kupitia kwa kiongozi wetu, kwamba moto wangu hauna kosa. Maji huchemka pale mvuke wake unapoweza kuinua uzito wa hewa iliyoyakalia. Pwani hewa ni nzito, maji yanahitaji nyuzi 100 ili kuinyanyua. Kambini Barafu uzito huo umebaki zaidi kidogo ya nusu, maji yanainuka mapema yakiwa bado hayana moto wa kuivisha. Uhuru yanachemka kwenye 80 hivi. Kisha akachukua kipande cha boksi lililokuwa la mayai, akachora mlima, akaandika namba hizo ubavuni. Mkono haukuishia kileleni. Akaendelea kupandisha mstari hewani, akaweka alama kilometa 19 hivi juu, akaandika 37: hapo maji yanachemka kwa joto la mwili wa mtu. Akaupeleka mstari mpaka pembeni kabisa mwa boksi, akaandika 0, na mbele yake neno moja, Mars.

Kile kipande ninacho mpaka leo. Kina mafuta ya taa na alama ya kidole changu.

Mars ndiyo Mirihi yetu, na ndiyo sayari watu wanayoipenda wakitaka kuhama. Iko kilometa milioni 228 kutoka kwenye jua, inapata mwanga chini ya nusu ya tunaoupata, na wastani wa baridi yake ni kama nyuzi 60 chini ya sifuri. Wengi huishia hapo, wanasema shida ni umbali. Lakini hata mchana wa ikweta yao, pale ardhi inapopata vuguvugu, shida haiondoki. Uzito wa hewa ya huko haufiki hata sehemu 1 kati ya 100 za hewa ya Dar es Salaam. Ukimwaga kikombe cha maji, yatachemka na kuganda kwa wakati mmoja. Hakuna moto wa kuyafanya yatulie. Ni kambi ya Barafu iliyopelekwa mpaka mwisho wa boksi.

Na haikuwa hivyo siku zote. Februari 2021 gari la Wamarekani liitwalo Perseverance lilitua kwenye bonde la Jezero, mahali ambapo mto wa kale uliingia ziwani ukaacha delta ya udongo kama ule wa Rufiji. Maji yalitiririka huko mabilioni ya miaka iliyopita, na wakati huo jua lilikuwa hafifu kuliko leo! Msomaji alifikirie hilo kidogo. Mirihi ilikuwa na mito jua likiwa hafifu, imekauka sasa jua likiwa limepamba moto. Ilichopoteza ni hewa. Ni sayari ndogo, uzito wake ni kama sehemu 1 ya 10 ya dunia yetu, ilipoa tumboni mapema, na sumaku yake kuu ikazimika. Upepo wa chembe zinazotoka kwenye jua ukawa unaimenya hewa yake kidogo kidogo. Chombo cha MAVEN, kilichofika huko mwaka 2014, kimeupima umenyaji huo ukiendelea hata sasa.

Kama bado kuna anayeshikilia "umbali sahihi", atazame juu usiku. Mwezi uko umbali uleule tulio sisi kutoka kwenye jua, tunatembea nao pamoja. Kwa kanuni ya mwandishi wenu ungekuwa na migomba. Mchana wa ikweta yake unafika nyuzi 120, usiku unashuka nyuzi 130 chini ya sifuri. Hauna blanketi, kila ulichopewa mchana kinatoka usiku. Hata sisi, tungeondolewa mvuke na hewa ya ukaa iliyo juu yetu, wastani wa dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri badala ya 15 juu yake. Hewa ya ukaa yenyewe ni kiduchu, sehemu kama 4 katika kila 10,000 za hewa yote. Ni kama chumvi: ukiikosa chakula hakiliki, ukizidisha kimeharibika.

Aliyezidishiwa yupo. Zuhura, ile nyota ya alfajiri inayoonekana mashariki wapishi wakiwasha majiko, iko kilometa milioni 108 kutoka kwenye jua. Utaridi iko karibu zaidi, milioni 58, lakini Zuhura ndiyo yenye moto kuliko zote: nyuzi 460 na ushee, usiku na mchana, joto la kuyeyusha risasi. Hewa yake karibu yote ni hewa ya ukaa na uzito wake ni mara 90 hivi ya wetu. Warusi wa enzi za Sovieti walitua huko mara kadhaa. Chombo chao cha Venera 13 mwaka 1982 kilidumu saa 2 na dakika 7 kabla hakijaiva.

Hapa nilikuwa nimeandika kwamba Zuhura ni sufuria ya presha iliyozibwa tundu. Naijua sufuria ya presha, ndiyo iliyoniokoa baada ya aibu ya Barafu: unafunga mfuniko, mvuke unabanwa, uzito unaongezeka, maji yanapanda kupita nyuzi 100 na maharage yanalainika kwa dakika 40 hata mlimani. Binti yangu anafundisha fizikia sekondari. Nilimsomea barua hii kwenye simu, akaniambia, "Baba, hapo ufute. Zuhura haipikwi na presha. Inapikwa na ule wingi wa hewa ya ukaa unaolizuia joto lisitoke." Sikufuta, lakini nimemtaja, na msomaji achukue la kwake. Ndiye anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo.

Ndiye pia aliyenieleza jambo lililonifanya niutazame mlima wetu kwa jicho jingine. Miaka bilioni 4 na nusu iliyopita jua lilipoanza kazi lilikuwa likitoa kama asilimia 70 tu ya mwanga wa leo. Tangu hapo limekuwa likiongezeka polepole, na bado linaongezeka. Miaka bilioni moja hivi kutoka sasa litakuwa kali kiasi cha kukausha bahari. Yaani huo "umbali sahihi" wenyewe hautulii, ni mstari unaotembea. Sasa, dunia ilikaaje na maji kipindi chote hicho, jua dogo mpaka jua kubwa? Sehemu kubwa ya jibu ni mvua na volkano. Mvua inachukua hewa ya ukaa angani, inaila miamba nayo, mito inaipeleka baharini, inakuwa chokaa na kuzikwa. Volkano zinaiyeyusha tena chini huko na kuirudisha angani. Dunia ikipata joto, mvua inazidi na miamba inaliwa zaidi, hewa ya ukaa inapungua. Ikipoa, mvua inalegea, volkano zinaendelea kupumua, blanketi linaongezeka. Ni mpishi anayekaa na jiko, anapunguza, anaongeza. Zuhura ilipokosa maji ilimpoteza mpishi huyo. Mirihi volkano zake zilipolegea, ilimpoteza vilevile.

Nimewahi kulala ndani ya kreta ya Kibo, lile bakuli la volkano huko kileleni, na wageni waliolipia usiku wa ziada. Asubuhi tulikwenda ukingoni mwa lile shimo la majivu, na kutoka kwenye nyufa kulikuwa na harufu ya kiberiti na mvuke mwembamba, barafu ikiwa hatua chache pembeni. Vijana walifunika pua. Siku hizo nami nilifunika. Leo ningevuta kidogo kwa heshima, maana ni pumzi za namna hiyo zilizotupa hewa na bahari.

Nieleze na ile barafu, kwa kuwa watu wengi wanadhani inayeyuka kama kipande cha barafu kwenye soda. Tangu mwaka 1912 mlima umepoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu yake, na joto la dunia lina mkono wake, pamoja na ukame wa mawingu na theluji huko juu. Lakini simama mbele ya ukuta wa barafu ya kaskazini saa 5 asubuhi. Hewa iko chini ya sifuri. Jua linaupiga ukuta moja kwa moja. Husikii matone mengi, chini mchanga ni mkavu, na bado ukuta ule unaliwa, umechongeka kama ubao wa seremala. Sehemu ya barafu ile haiyeyuki, inakauka. Inatoka kuwa jiwe inakuwa mvuke bila kupitia maji. Ndivyo barafu inavyofanya Mirihi. Mtanzania anaweza kuiona Mirihi akiwa na kitambulisho cha NIDA tu, ilimradi awe na mapafu.

Kuhusu uhai wenyewe, mlima umenifundisha kwamba nao haukai tu ukisubiri kuhurumiwa. Mahali pa kuona ni Barranco, karibu mita 3,900, jua likizama. Senesio ni mti mnene unaoshinda mtu kwa urefu mara mbili na tatu, na majani yake makavu hayaanguki. Yananing'inia yakiufunika mti kama koti la mitumba lililovaliwa juu ya jingine. Ukiyabandua, wageni wengine wana mkono mbaya, mti unapigwa na baridi. Chini yake kuna lobelia. Mchana imefunguka kama kabichi, saa 12 jioni inaanza kujifunga, jani juu ya jani. Asubuhi moja nilitia kidole katikati ya moja iliyokuwa imeanza kufunguka. Juu palikuwa na kioo cha barafu. Kidole kikakivunja, chini yake kukawa na maji, baridi kali lakini maji, na ndani ya maji hayo ndimo kilipo kichipukizi. Mmea umejitengenezea hali yake ya hewa ndani ya kikombe kimoja.

Kwa ukubwa wa dunia nzima mambo yalikwenda vivyo hivyo. Oksijeni tunayovuta haikuwapo mwanzoni. Bakteria wa kijani waliojifunza kula mwanga wa jua ndio walioanza kuitema majini na hewani, ikajaa kiasi cha kuhesabika kama miaka bilioni 2.4 iliyopita, na kutokana nayo ikapatikana ozoni inayotukinga na ile miale inayobabua pua Shira. Kwa hiyo (mnaona, nami natumia "kwa hiyo", lakini nimeilipia) hali ya sayari iliuwezesha uhai, nao uhai ukageuka ukaibadilisha sayari.

Atatokea mtu aniambie kuna viumbe wasiohitaji jua. Ni kweli na simbishii. Mwaka 1977 nyambizi ndogo ya Alvin ilishuka karibu na visiwa vya Galápagos, kina cha kama mita 2,500 ambako hakuna mwanga kabisa, ikakuta chemchemi za moto na minyoo mirefu inayoishi kwa bakteria wanaokula ile ile hewa ya harufu ya mayai yaliyooza. Ndiyo maana Wamarekani wamerusha chombo Oktoba 2024 kwenda Europa, mwezi wa sayari ya Mshtarii (Jupiter) wenye bahari chini ya barafu, mbali kabisa na mahali ambapo mwandishi wenu angeita sahihi. Ingawa hata wale minyoo wa Galápagos wanatumia oksijeni iliyotengenezwa juu kwenye mwanga. Jua limewafikia kwa njia ya panya.

Na hizo sayari za nyota nyingine? Kuna familia moja maarufu, TRAPPIST-1, sayari 7 ambazo hesabu yake kamili ilitangazwa mwaka 2017, miaka 40 hivi ya nuru kutoka hapa. Tatu au nne zake ziko ule umbali. Nyota yao ni ndogo na nyekundu, inatoa joto kidogo, kwa hiyo sayari zinalazimika kuikumbatia kwa karibu, na nyota za namna hiyo zina tabia ya kurusha milipuko ya miale inayomenya hewa. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ilipima ile ya ndani kabisa na haikuona dalili ya hewa nzito. Hiyo ya ndani imo karibu mno, si miongoni mwa zile za umbali sahihi, naomba nisieleweke vibaya. Lakini mnaona wanasayansi wenyewe walianza kupima nini: si mita za kutoka kwenye jua, hizo walishazijua. Walikwenda kutafuta blanketi.

Hapa kwetu nyanda za juu wazee walikuwa na hekima yao ya jua, ingawa hawakuiita sayansi. Kahawa ya kihamba, shamba la ukoo la Kichagga, hupandwa chini ya migomba, na migomba chini ya mringaringa, mti wa kivuli. Jua lilelile linaloivisha buni likiachiwa lote linaukausha mti. Baba yangu alinichapa nilipokata tawi moja la mringaringa nikitafuta mpini. Nilidhani ananichapia kuni.

Ninachoomba kwa mhariri ni kidogo. Habari kama ile ikija tena, na zinakuja kila mwezi, mwandishi asiishie kwenye umbali. Aulize: hiyo sayari ina hewa? Imepimwa, au inakisiwa? Uzito wa hewa yake ni kiasi gani, na maji yake yangechemka kwa nyuzi ngapi? Kama hakuna aliyepima, aandike kwamba hakuna aliyepima, hatutakasirika. Kinyozini kwetu tuna muda.

Na kama mwandishi wenu ataona mpishi anamfundisha kazi, aje Machame. Nitamtafutia kiongozi na wagumu wazuri, nami nitajikongoja naye mpaka Shira, zaidi ya hapo magoti hayataki. Nitambandikia maharage bila sufuria ya presha, na kipimajoto nitampa akishike mwenyewe. Ada ya geti ajilipie.

Mpishi mstaafu wa mlimani,
Machame, Kilimanjaro